Mjukuu wa Kamaru na masikio ya wasikilizaji wake

Mwaka 1993 Joseph Kamaru aliwatangazia mashabiki wake kwamba ameokoka. Tangu miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa sauti kubwa kabisa za muziki wa Kikuyu: aliimba mapenzi, akaonya vijana, akawasuta wakubwa. Wimbo wake wa kumlilia J.M. Kariuki, mbunge aliyeuawa Machi 1975, ulipigwa marufuku redioni na bado watu wakaununua. Sasa mtu huyo huyo anasema basi, kuanzia leo ni Injili tu. Nyimbo zake za Injili hazikuuzika kama santuri za zamani, na hadi anafariki Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 79, wengi walipomtaja walimtaja kwa zile alizokuwa ameziacha.

Ameacha mjukuu mwenye jina lake. Kwa desturi ya Wakikuyu mtoto huitwa kwa babu yake, na Joseph Kamaru huyu wa pili alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Jukwaani anajiita KMRU, yaani jina la babu lililoondolewa irabu a zote mbili. Ndiye aliyezichukua kazi za mzee na kuanza kuzitoa upya kwenye intaneti ili zisipotee. Lakini muziki wake mwenyewe hauna gitaa la benga, hauna mashairi, na mara nyingi hauna hata mdundo. Ni mvumo mrefu, ni mchakacho, ni sauti za mtaani zilizonyooshwa mpaka hazitambuliki. Na yeye pia, ndani ya miaka michache tu, amebadilisha mlio wake mara kadhaa, na kila mara msikilizaji amelazimika kuamua kama anaendelea naye au anabaki nyuma.

Mtu anaweza kuuliza: muziki usio na neno hata moja unawezaje kumuudhi mtu unapobadilika? Jibu liko katika namna watu wanavyoutumia.

Muziki huu unaitwa ambienti, jina lililoenezwa na Mwingereza Brian Eno. Eno alikuwa amejulikana kwa kucheza sintesaiza katika bendi ya roki ya Roxy Music, akaiacha mwaka 1973. Januari 1975 aligongwa na teksi jijini London, akawa amelala kitandani hawezi hata kuinuka. Rafiki yake alimwekea santuri ya kinubi kisha akaondoka. Sauti ilikuwa chini mno, spika moja haifanyi kazi, na nje mvua inanyesha. Eno, asiyeweza kwenda kuipandisha sauti, akaanza kuusikia muziki ule kama sehemu ya chumba, umechanganyika na mvua. Mwaka huo huo akatoa Discreet Music, na mwaka 1978 Music for Airports, albamu aliyoikusudia hasa kwa ajili ya viwanja vya ndege. Mwaka 1980 ilipigwa katika jengo moja la uwanja wa LaGuardia, New York. Sharti aliloliweka ni gumu kuliko linavyoonekana: muziki uwe wa kusikilizwa kwa makini na mwenye kutaka, na pia uweze kupuuzwa na asiyetaka, bila kumharibia yeyote siku yake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Wimbo wenye maneno humwambia msikilizaji afikiri nini. Mkito wa dansi humwambia mwili ufanye nini. Ambienti haimwambii kitu. Msikilizaji ndiye huuingizia maana yake mwenyewe. Mmoja huulalia, mwingine huusomea mtihani, mwingine hukaa nao wiki nzima baada ya msiba, wakati hana nguvu ya kusikia sauti ya mtu. Baada ya miezi kadhaa muziki ule umeshakuwa kama samani za nyumbani kwake. Mwanamuziki anapotoa albamu isiyofanana na iliyotangulia, ni kama mtu ameingia sebuleni akahamisha viti bila kuuliza.

Ushahidi wa wazi zaidi wa hisia hiyo ya umiliki ulitokea Uingereza. Mwaka 1992 Richard D. James, anayejulikana kwa jina la Aphex Twin, alitoa Selected Ambient Works 85-92, albamu laini lakini yenye midundo ambayo mtu angeweza kuichezea. Mwaka 1994 ikaja ya pili, na karibu midundo yote imetoweka. Ikabaki mivumo, mwangwi, na ukimya unaotisha kidogo. Wako walioiona ni usumbufu, wako walioiona ni kazi bora kuliko ya kwanza. Zaidi ya hapo, vipande karibu vyote havikuwa na majina. Ndani ya jalada kulikuwa na picha tu, moja kwa kila kipande. Mashabiki hawakungoja kuelezwa: walizitazama zile picha na kuvipa vipande majina wao wenyewe, na majina hayo ndiyo yanayotumika mpaka leo. Ukitaja Rhubarb au Stone in Focus, mpenzi wa muziki huo atajua unasema nini, ingawa si James aliyeyaandika kwenye jalada lile la 1994. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa wasikilizaji walioingia ndani ya kazi ya msanii kiasi hicho.

KMRU alilelewa mahali pasipofanana kabisa na chumba tulivu cha Eno. Miaka yake ya utotoni ilikuwa Kariokor, mtaa ulio karibu na katikati ya jiji la Nairobi, ambako kelele huanza kabla ya jua: makanga, honi, mahubiri, nyundo za mafundi, redio za majirani. Baadaye familia ilihamia Rongai, nje kidogo ya jiji, kwenye nafasi na miti. Aliyetoka Kariokor akalala Rongai huanza kusikia vitu alivyokuwa havisikii, na kijana huyu akaanza kutembea na kinasa sauti. Alirekodi mitaa, ndege, safari, vyumba vitupu. Akifika nyumbani, alizifungua rekodi hizo kwenye kompyuta, akazikata, akazinyoosha, akazipanga tabaka juu ya tabaka na sintesaiza.

Kazi hiyo ni ya kuvumilia, na inafaa kuieleza kwa karibu. Chukua mlango wa bati unaofungwa kwa sekunde moja. Programu ya kompyuta inaweza kuigawanya sekunde hiyo katika chembe ndogo ndogo za sauti, kila moja fupi kuliko kupepesa jicho, kisha ikazirudia na kuzitawanya mpaka sekunde moja ijaze dakika tano. Ule mshindo haupo tena. Kinachobaki ni rangi ya bati: wembamba wake, ubaridi wake, ule mtetemo wa mwisho. Msikilizaji hajui kwamba anasikia mlango, lakini anajua anasikia kitu kilichowahi kuwepo duniani, si sauti iliyobuniwa mashineni tu. Uhai mwingi wa muziki wa KMRU unatoka hapo.

Mwaka 2020 alitoa albamu tatu: Jar, Opaquer na Peel. Iliyomfikisha mbali ni Peel, iliyotolewa na Editions Mego, lebo iliyokuwa na makao Vienna, Austria, na kuongozwa na Peter Rehberg, mtu aliyeheshimika sana katika muziki wa majaribio. Kipande kinachobeba jina la albamu kina urefu wa zaidi ya dakika 20. Kinaanza kwa upole, mvumo unainuka polepole hata msikilizaji hatambui ulipoinukia, na kufikia katikati chumba kizima kimejaa. Hakuna kilele cha kushangiliwa. Kinajaa, kinakaa, kinapungua.

Wakati nao ulikuwa wake. Dunia ilikuwa imefungiwa ndani na Korona. Kenya ilikuwa na kafyu tangu mwishoni mwa Machi, barabara zilizozoea matatu usiku kucha zikanyamaza. Watu waliokuwa hawajawahi kununua albamu ya namna hii walikuwa wamekaa chumba kimoja siku nzima, wakitafuta sauti isiyowapigia kelele wala kuwapa habari za vifo. Wakosoaji wa Ulaya na Marekani waliisifu sana Peel, na jina la KMRU likaanza kutajwa pamoja na wakongwe waliomzidi kwa miaka 30. Kwa wasikilizaji wengi, huyo ndiye KMRU: mpole, mpana, wa kulalia.

Halafu mambo yakaanza kwenda pande tofauti.

Mwaka 2021 ilitoka Logue. Kwa aliyemfahamu kupitia Peel, hii ilikuwa albamu mpya yenye sura ngeni: midundo midogo inayotoboa hapa na pale, nyuzi za melodi, vipande vifupi, kimoja kikiitwa Jinja Encounters kwa jina la mji wa Uganda ulio kwenye chanzo cha Nile. Kwa kweli vilikuwa vipande vya nyuma, alivyovitoa mwenyewe miaka ya kabla ya Peel na sasa vimekusanywa. Wasikilizaji wa mbali walikuwa wakiyasikia maisha yake kinyumenyume, na walioiona Logue kama hatua ya kwenda kwenye wepesi walikuwa wameshika uzi kwa ncha isiyo yake. Makosa ya namna hiyo hutokea kila mara msanii anapogunduliwa na nchi za nje katikati ya safari yake. Mjini kwao wanajua alikotoka. Kwingine wanadhani amezaliwa siku waliyomsikia.

Wakati huo KMRU alikuwa ameshahamia Berlin, kusomea sanaa za sauti katika chuo kikuu cha sanaa cha jiji hilo. Mwaka 2022 akatoa Limen, aliyoifanya pamoja na Aho Ssan, mtayarishaji wa Ufaransa. Aliyezoea kumlalia KMRU asingeweza kulala hapa. Limen ni ngurumo: sauti zinazopasuka, besi inayosukuma kifua, mawimbi yanayoinuka na kuporomoka kama jengo. Ni kazi nzuri mno, na ni kazi ya kuogofya. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo iliyomwokoa KMRU asigeuzwe dawa ya usingizi. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zimejaa orodha za nyimbo za kulalia na za kufanyia kazi, na msanii wa ambienti akishatiwa humo husikilizwa na watu ambao hata jina lake hawalijui.

Mwaka huo huo alifanya jambo lililowagusa wasikilizaji kwa njia nyingine kabisa. Kule Tervuren, Ubelgiji, kuna Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, yenye hazina kubwa ya rekodi za muziki na sauti zilizokusanywa Afrika, nyingi zikiwa za wakati wa ukoloni. KMRU alizichukua baadhi ya sauti hizo na kuzijibu kwa muziki wake katika albamu Temporary Stored. Ngoma na sauti za watu zinatokea ndani ya mvumo, zinakaribia, zinafifia, kana kwamba zinatafuta mlango. Mzungu anayesikiliza anaweza kuishia kwenye uzuri wake. Mkongomani wa Brussels au Mkenya wa Berlin atasikia zaidi ya hapo: sauti za watu wake zimehifadhiwa kwenye kabati la mtu mwingine, na yeye mwenyewe lazima aombe ruhusa kuzisikia. Jina la albamu, lenye maana ya kitu kilichowekwa kwa muda tu, ni dai la haki lililosemwa kwa adabu.

Kuna dai jingine ambalo msanii huyu hudaiwa bila kukopa. Mwafrika anayefanya muziki wa kielektroniki hutarajiwa alete ngoma. Tamasha la Nyege Nyege la Uganda limeifanya dunia izijue singeli ya Dar es Salaam na midundo ya Kampala inayokimbia kama imefukuzwa, na ni haki yake kusifiwa kwa hilo. Lakini sifa hiyo imezaa mazoea: mkosoaji wa mbali akiona jina la Nairobi hujiandaa kutoka jasho. KMRU anampa mvumo wa dakika 20. Nyumbani nako wapo wanaouliza huu ni muziki gani usioimbika wala kuchezeka. Kwa hiyo amekuwa na wasikilizaji wa pande mbili wanaomtaka awe mtu mwingine, na ameendelea na kazi yake.

Ilipofika 2023 alitoa Dissolution Grip kupitia OFNOT, lebo yake mwenyewe. Humo aliuacha hata ule mtindo uliomjulisha. Badala ya kuzitia rekodi za mtaani ndani ya muziki, alitazama umbo la mawimbi yake, jinsi yanavyochoreka kwenye kioo cha kompyuta, akayatumia kama mtu anavyotumia nota, kisha akaitengeneza sauti upya kwa sintesaiza. Mtaa haumo tena. Kilichomo ni mchoro wa mtaa. Kwa sikio lisilojua, ni mvumo mwingine tu, ila mkali na wenye kingo. Kwa anayejua, ni mtu aliyethubutu kukitupa kinasa sauti kilichompa jina.

Kazi inayofunua zaidi kwa nini anabadilika ni Natur, iliyotolewa 2024 na lebo ya Touch ya Uingereza. Ni kipande kimoja cha dakika 52. Chanzo chake ni tofauti aliyoisikia kati ya miji miwili. Nairobi umeme unaonekana na unasikika: nyaya zimepita juu ya vichwa vya watu, transfoma inaunguruma kwenye nguzo, jenereta inawaka umeme ukikatika. Berlin nyaya nyingi zimefukiwa na usiku ni kimya. Kumbe ukimya huo ni wa masikio tu. Iko maikrofoni isiyonasa hewa inayotikisika bali nguvu za sumaku zinazozunguka vyombo vya umeme. Ndani yake mna koili ya waya wa shaba, na kila mkondo wa umeme unaobadilika karibu yake huamsha mkondo mdogo ndani ya koili, ambao ukikuzwa husikika. Isogeze kwenye chaja ya simu, itafoka kwa sauti nyembamba kama mbu. Ipitishe ukutani penye waya, utasikia mngurumo mzito, kwa sababu umeme wa Kenya na wa Ujerumani vilevile hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde. KMRU aliposikiliza kwa maikrofoni hiyo, usiku wa Berlin ukasemaje? Ukanguruma kama Nairobi.

Natur inaanza kwa ukali, imejaa mikwaruzo na milio ya mitambo, na humchukua msikilizaji muda mrefu kabla ya kumfikisha penye nafasi. Wenye haraka watatoka mapema, na watakuwa wameikosa albamu yenyewe. Ndani ya dakika hizo 52 kuna jibu kwa wote waliodhani amewasaliti kwa kuuacha upole wa Peel. KMRU hajawahi kuuchagua upole wala ukali. Amekuwa akisikiliza mahali alipo, na mahali hapo pamekuwa pakibadilika: Kariokor, Rongai, chumba cha wakati wa kafyu, kabati za Tervuren, mitaa ya Berlin. Msanii wa namna hii akitoa Peel mara tano ndipo atakuwa ameacha kuwa mkweli.

Katika Disconnect, ya 2024 pia, aliyoifanya kwa kushirikiana na Mwingereza Kevin Richard Martin, hatimaye alifungua kinywa. Sauti yake ya kuongea inasikika ndani ya besi na mwangwi, taratibu, maneno machache. Baada ya miaka ya kusikia dunia kupitia masikio ya mtu huyu, kusikia koo lake mwenyewe ni jambo linalosisimua. Mwaka 2025 akarudi Editions Mego na Kin, albamu ambayo mazungumzo yake yalianza na Peter Rehberg kabla hajafariki ghafla Julai 2021. Walioingoja Peel ya pili walipata kitu chenye uzito zaidi, na chenye majonzi.

Je, hukumu ya wasikilizaji ina uzito gani? Inao, lakini huchelewa. Aphex Twin alipotoa Drukqs mwaka 2001, wakosoaji wengi walisema imechanganyikiwa na ni ndefu mno. Ndani yake kulikuwa na kipande cha piano cha dakika mbili hivi, Avril 14th. Kipande hicho kimekuwa miongoni mwa kazi zake zinazosikilizwa zaidi kuliko zote. Mwaka 2010 Kanye West akakitumia katika wimbo wake, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa albamu ilipotoka wanajifunza kukipiga. Limen na Natur hazijapata umri huo. Mwandishi huyu anaamini zitakaa muda mrefu kuliko kazi nyingi za upole zinazosifiwa leo.

Msomaji ambaye hajawahi kumsikia KMRU asianze na ngurumo. Aanze na Logue, ambayo ina milango mingi ya kuingilia, kisha Peel usiku, kwa hedifoni, kwa sababu spika ya simu haitoi zile sauti za chini ambazo ndizo nusu ya kazi yake. Limen aisikilize mchana, kwa sauti kubwa, majirani wakiwa kazini. Natur aisikilize yote kwa mkao mmoja bila kuruka dakika hata moja. Akishafika mwisho wake, hapo ana haki kamili ya kusema kama amempenda au la.